Ukisafiri, Mbwa Unamwachia Nani?



Kijana mwenzangu, Desemba ikikaribia sote tunajua kinachotokea. Stendi zinajaa, tiketi zinagombaniwa, na familia nyingi za mjini zinafunga mizigo kwenda kwao: Moshi, Bukoba, Mbeya, Songea. Gesi inazimwa, friji inachomolewa, jirani anaachiwa funguo. Halafu usiku wa mwisho, mabegi yakiwa tayari mlangoni, mtoto mmoja anauliza, "Na Simba je?" Simba siyo mtu. Ni mbwa wa nyumbani. Watu wazima wanatazamana, na mmoja anajibu haraka haraka, "Mlinzi atamwangalia." Mjadala umekwisha. Au ndivyo tunavyodhani.

Najua wengine mtasema: Frateri, watu hawana ada za shule, wewe unatuletea habari za mbwa? Pingamizi hilo ni zito na Kanisa lenyewe limeligusa, kwa hiyo nitalirudia huko mbele. Kwa sasa nakuomba kitu kimoja tu: usilipuuze swali kwa sababu linahusu kiumbe kidogo. Bwana Yesu katika Luka 16 anafundisha kwamba uaminifu wa mtu unapimwa kwanza kwenye yaliyo madogo sana. Mbwa aliyeachwa nyuma ya geti ni moja ya hayo madogo. Hatakushtaki kwa mtu, na ukirudi atakuchezea mkia hata kama ulimkosea.

Mbwa ni nini mbele za Mungu?

Katika darasa la falsafa tulikutana na majibu kadhaa. René Descartes, katika karne ya 17, aliwaona wanyama kama aina ya mashine: wana mwili unaojiendesha, lakini hawana roho yenye kufikiri. Ukilichukua jibu hilo mpaka mwisho, kumwacha mbwa siku nne bila mtu ni sawa na kuacha pikipiki imeegeshwa.

Immanuel Kant, karne iliyofuata, hakukubali tuwatendee wanyama vibaya, lakini sababu yake ilikuwa ya pembeni. Alitoa mfano wa mbwa aliyemtumikia bwana wake kwa uaminifu mpaka akazeeka. Bwana akimuua kwa kuwa hana faida tena, hajavunja wajibu kwa mbwa, maana mbwa hana akili ya kuhukumu. Ila ameuharibu utu wake mwenyewe, na mtu wa namna hiyo atakuwa mgumu hata kwa wanadamu.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, karne ya 13, alishasema jambo linalokaribiana na hilo: ukatili kwa mnyama humzoesha mtu ukatili. Lakini Thoma anaongeza kitu ninachokipenda. Anauliza kama viumbe wasio na akili wanaweza kupendwa kwa mapendo ya Kikristo. Anajibu kwamba urafiki kamili hauwezekani, kwa sababu mbwa hashiriki nasi maisha ya akili wala hatushiriki naye uzima wa milele. Hata hivyo tunaweza kumpenda kama kitu chema ambacho tunataka kidumu, kwa heshima ya Mungu na kwa faida ya watu.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kuanzia namba 2415 hadi 2418, inakusanya yote haya. Inatufundisha kwamba wanyama ni viumbe vya Mungu, yeye huwatunza, na kwa kuwapo kwao tu wanamtukuza. Kwa hiyo tunawiwa nao wema. Ona hilo vizuri: kuwapo kwao tu. Simba akilala kivulini mchana, hafanyi kazi yoyote, bado kuna namna anamtukuza Muumba wake. Thamani yake haikuanza siku uliyomnunua.

Maandiko nayo hayakai kimya. Katika Kutoka 23, siku ya mapumziko imewekwa ili ng'ombe na punda nao wapumzike. Mithali 12 inasema mwenye haki hujali uhai wa mnyama wake. Na kitabu cha Yona kinamalizika kwa namna ya kushangaza: Mungu anapoeleza kwa nini anauhurumia mji wa Ninawi, anawataja watu, halafu anawataja na wanyama wengi waliomo. Angeweza kuishia kwa watu. Hakuishia hapo.

Deni linatoka kwenye geti

Sasa mtu anaweza kuniambia: sawa, wanyama wote ni wa Mungu, mbona sina wajibu wa kumlisha kila mbwa anayepita mtaani? Swali zuri. Hapa nataka kutoa hoja yangu.

Mbwa wa mtaani ana njia zake. Anajua jalala lipo wapi, bucha gani hutupa mifupa, mtaro gani una maji. Maisha yake ni magumu, lakini miguu yake iko huru. Mbwa wako hana njia hizo. Ulimtoa kwa mama yake akiwa mdogo, ukamzoesha sahani, ukajenga ukuta, ukafunga geti. Ulifanya vizuri, maana mbwa anayezurura ni hatari kwake na kwa watoto wa jirani. Lakini ona ulichofanya: umezifunga njia zake zote za kujitafutia, ikabaki moja tu. Njia hiyo ni wewe.

Deni lako kwake linatoka kwenye geti hilo. Haijalishi kama unampenda sana au unampenda kidogo. Hata mtu asiyependa mbwa kabisa, ambaye amefuga kwa ajili ya ulinzi tu, anabanwa na hoja hii. Ukifunga mlango ambao mwingine hawezi kuufungua, umebeba mahitaji yake yote yaliyoko ndani ya mlango huo. Hilo tunalijua vizuri kwa wafungwa, kwa wagonjwa na kwa watoto wachanga. Kwa mbwa ni dogo zaidi, ila ni la ukoo huohuo.

Na deni hilo halisafiri na wewe kwenye basi. Linabaki palepale getini.

Asiyekuwapo na lake halipo?

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Kwenye mgao wa pilau methali hii ni kweli tupu. Kwenye maadili ni hatari. Lake lipo, tena sana. Baba aliyeko safarini bado ni baba. Padre aliyeko likizo bado ana parokia. Mwenye mbwa aliyeko Rombo, zaidi ya kilomita 500 kutoka Dar es Salaam, bado ana mbwa Dar es Salaam.

Hapa watu wengi huchanganya mambo mawili: kukabidhi na kutelekeza. Kwa macho yanafanana. Katika yote mawili wewe unaondoka na mbwa anabaki. Tofauti ni kwamba anayetelekeza anataka wajibu uishe, na anayekabidhi anajua wajibu ni wake bado, ila mikono itakayofanya kazi kwa siku hizo ni ya mtu mwingine.

Mfano bora ninaoujua wa kukabidhi uko kwenye Luka 10. Sisemi kwamba mbwa ni sawa na yule mtu aliyepigwa na wanyang'anyi, hapana. Natazama tu namna Msamaria alivyomwacha, kwa sababu kumbuka, Msamaria naye alikuwa safarini. Hakuweza kukaa pale wiki nzima.

Alifanya mambo manne. Kwanza, alimpeleka mwenyewe kwenye nyumba ya wageni na kumhudumia pale. Ni kesho yake ndiyo alitoa pesa na kuondoka. Yaani alilala pale kwanza, akapaona kwa macho yake na kumwona mwenye nyumba anavyofanya kazi. Pili, alilipa kabla ya kuondoka. Dinari mbili, na tukisoma Mathayo 20 tunajua dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku nzima. Tatu, alieleza wazi anachotaka: huyu mtu atunzwe. Nne, aliahidi kurudi na kulipa kitakachozidi. Hakuomba fadhila na kukimbia. Alimheshimu mwenye nyumba ya wageni kama mtu anayefanya kazi ya kweli.

Ukiyashika hayo manne, ya kuona, kulipa, kueleza na kurudi, nusu ya swali letu imejibiwa.

Mbwa hana kalenda

Nusu nyingine inamhusu mbwa mwenyewe. Mama akisafiri, anamwambia mtoto, "Nitarudi Jumapili." Mtoto analia, lakini ana neno la kushikilia. Anahesabu siku. Hilo neno ndilo mlango wa tumaini, na tumaini ni la viumbe wanaoweza kuielewa ahadi. Mbwa huwezi kumpa ahadi. Unaweza kumwambia Jumapili mara mia, yeye anachoona ni kwamba harufu yako imetoka mlangoni na haijarudi.

Kwa hiyo unampa nini badala ya ahadi? Unampa mazoea. Saa ileile ya kula, chakula kilekile, sahani yake, kipande cha kanga au fulana yenye harufu ya nyumbani, na ikiwezekana sura anayoifahamu. Haya siyo mambo ya kizungu. Ndiyo lugha pekee ya uaminifu ambayo mbwa anaielewa.

Na usiku ndio mtihani. Mchana kuna watu wanapita, kuna kelele, kuna jua. Usiku wa mkesha wa mwaka mpya fataki zinapigwa, na mbwa wengi huzichukulia kama mwisho wa dunia. Mbwa mwenye hofu huruka ukuta ambao siku zote hajawahi kuuruka, akagongwa au akapotea. Mwingine anabweka mpaka asubuhi na mtaa mzima haulali. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Nitapita kumwona," muulize kwa upole: utapita saa ngapi, na usiku je?

Basi umwachie nani?

Tupitie njia ambazo vijana wengi wanazo, bila kudanganyana.

Ya kwanza ni kumfungia na sufuria kubwa la ugali na ndoo ya maji. Hii naomba tuiondoe mezani. Ugali wa siku tatu kwenye joto la Dar unachacha, ndoo inapinduliwa siku ya kwanza. Mbwa hapoi mwili kwa kutoka jasho la ngozi kama sisi. Hupoa hasa kwa kuhema, na kuhema kunataka maji. Akiwa amefungwa kwa mnyororo juani ni mateso. Katekisimu inasema wazi kwamba kumtesa mnyama bila sababu ni kinyume cha hadhi ya mwanadamu, na Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008.

Ya pili ni kumfungulia geti ajitafutie. Hii nayo siyo uhuru. Ni kumrudishia njia ambazo hajui tena kuzitumia. Pia ni kuwahatarisha watu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na karibu wote kwa kung'atwa na mbwa. Dalili zikishaanza kwa mtu, ni nadra mno kupona. Uvivu wako wa siku nne unaweza kuwa msiba wa familia nyingine.

Ya tatu ni jirani au mwanajumuiya. Hii mara nyingi ni bora, kwa sababu mbwa anabaki nyumbani kwake na anamfahamu anayekuja. Lakini omba kama mtu anayeomba, siyo kama anayetoa taarifa. Mpe nafasi ya kusema hapana bila aibu. Na kama jirani yako ni Mwislamu, kumbuka kwamba katika mafundisho ya Kishafii, ambayo Waislamu wengi wa pwani yetu wanayafuata, mate ya mbwa ni najisi, na kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Yupo jirani atakayekubali kwa moyo mweupe kumwagia maji kwenye bakuli, na yupo ambaye atashindwa kukukatalia kwa sababu mmeishi vizuri. Usimweke katikati ya dini yake na ujirani wenu. Huo nao ni upendo wa jirani.

Ya nne ni ndugu au rafiki anayekuja kulala kwako. Hakikisha tu anajua kwamba amekuja kwa ajili ya mbwa, siyo kwa ajili ya televisheni.

Ya tano ni sehemu za malipo: kwa daktari wa mifugo au kwenye mabanda ya kulaza mbwa, ambayo kwenye miji mikubwa yapo. Hapa tumia kanuni ya Msamaria: nenda ukaone. Usichague kwa picha za simuni. Angalia maji ni safi? Kuna kivuli? Mbwa waliopo wanaonekanaje? Muulize mhusika, usiku nani analala hapa? Mbwa akiugua saa nane usiku mnafanya nini? Wanatenganishwa vipi, hasa majike walio kwenye joto? Na hii ni alama kubwa: kama hawajakuuliza kadi ya chanjo, hawakumwuliza na mwenzako. Maana yake mbwa wako atalala ukuta kwa ukuta na mbwa ambaye historia yake hakuna aijuaye, na kuna magonjwa ya kuhara na ya kikohozi yanayoruka haraka kwenye mabanda ya pamoja. Ikiwezekana, mpeleke alale usiku mmoja wa majaribio kabla ya safari yenyewe. Siku mbwa anapochukuliwa, mwili wake na namna anavyolisalimu lile geti akirudishwa tena vitakuambia mengi kuliko tangazo.

Kipimo kizuri cha sehemu yoyote, iwe ya jirani au ya malipo, ni kile kinachoitwa uhuru wa aina tano. Chanzo chake ni kamati iliyoongozwa na Profesa Brambell huko Uingereza mwaka 1965, iliyochunguza hali ya mifugo, na baadaye ukatumika kwa wanyama wengi. Mnyama awe huru na njaa na kiu, huru na adha ya mazingira, huru na maumivu, majeraha na magonjwa, huru kuonyesha tabia yake ya asili, na huru na woga na dhiki. Ukienda kupaangalia mahali, hesabu tano hizo kwa vidole vya mkono mmoja.

Na neno moja la kiutu uzima: safari za msiba hazitoi taarifa. Simu inapigwa saa sita usiku, alfajiri mko barabarani. Huo siyo wakati wa kuanza kutafuta. Mjue mtu wako mapema, mbwa naye amjue mapema, chanjo iwe imelipiwa, namba ya daktari iwe imeandikwa ukutani. Busara, wanasema walimu wetu wa maadili, ni fadhila inayoona mbele.

Pesa, na mlinzi wa getini

Sasa turudi kwenye pingamizi. Watu wana njaa, sisi tunalipia mbwa alale? Katekisimu namba 2418 inabeba pande zote mbili kwa pamoja. Inakataza kuwatesa wanyama bure, na papo hapo inasema haifai kuwatumia wanyama pesa ambazo kwanza zingepaswa kuondoa taabu za wanadamu. Inasema tunaweza kuwapenda wanyama, ila tusiwape yale mapendo yanayostahili watu peke yao. Hata Papa Fransisko, katika katekesi yake ya tarehe 5 Januari 2022 juu ya Mtakatifu Yosefu, alisikitikia hali ya mbwa na paka kuchukua nafasi ya watoto.

Kwa hiyo ukiona bei ya kumlaza mbwa wiki moja inazidi unachomtumia bibi yako kwa miezi sita, simama kidogo. Tatizo siyo mbwa, ni mpangilio wa moyo. Mbwa anahitaji maji, chakula, kivuli, usalama na mtu. Hahitaji anasa. Anasa mara nyingi ni ya kutuliza dhamiri yetu sisi.

Lakini pingamizi hili lina upande wa pili ambao hatuupendi sana kuutazama. Tuseme tumeamua mlinzi atamwangalia. Mlinzi aliajiriwa kulinda. Sasa ameongezewa kupika, kulisha, kusafisha banda, na kuwa macho kwa ajili ya mbwa. Je, tumemlipa kwa nyongeza hiyo? Sisi tunakwenda kula Krismasi na wazazi wetu. Yeye ana wazazi pia. Tunamwachia kilo tano za utumbo na dagaa za mbwa kwenye friji, na yeye mwenyewe hatujamwachia hata hela ya mchele. Kisha tukirudi tukikuta utumbo umepungua haraka tunasema mlinzi siyo mwaminifu. Jamani! Tumemweka mtu kwenye jaribu, halafu tunamhukumu kwa kujaribiwa. Vivyo hivyo kwa dada wa kazi anayenyimwa likizo kwa sababu "nani atabaki na mbwa?"

Hapa ndipo ninapoona moyo wa swali letu lote. Tulianza tukiuliza tunamtendeaje mbwa, na tumejikuta tunauliza tunamtendeaje mtu. Huwezi kumtendea mbwa haki kupitia mtu uliyemdhulumu. Yule unayemkabidhi ndiye mikono yako kwa siku hizo, na mikono yenye njaa na kinyongo haitamnywesha mtu maji vizuri, sembuse mbwa. Mlipe kabla ya kuondoka, kwa kiasi mlichokubaliana, si kwa "nitakuangalia nikirudi." Mwachie na akiba ya dharura, na namba utakayopokea kweli. Ukirudi, mshukuru mbele ya familia.

Na kama wewe ndiye uliyeachiwa

Najua wengi mnaosoma hapa hamna mbwa wala nyumba yenye geti. Ninyi ndio mnaoachiwa. Shangazi anasafiri, anasema, "Njoo ulale hapa siku nne, uangalie nyumba na mbwa." Kwenu nina neno fupi.

Katika Yohane 10, Bwana anamtofautisha mchungaji mwema na mtu wa mshahara. Kosa la mtu wa mshahara siyo kulipwa. Kila mfanyakazi anastahili ujira wake. Kosa lake ni kwamba kondoo si kitu kwake, kwa hiyo hatari ikija anajihesabu yeye kwanza. Unaweza kulipwa na bado ukawa na moyo wa mchungaji. Unaweza pia kujitolea bure na ukawa mtu wa mshahara kabisa.

Basi ukikubali, kubali kweli. Mpe maji asubuhi na jioni hata kama jana uliweka. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, maana huvunjika vipande vikali. Usimpe chokoleti wala vitunguu, ni sumu kwake. Hakikisha geti kila usiku. Akikung'ata, au akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na aende hospitali siku hiyohiyo, usisubiri mwenye nyumba arudi. Akiugua, sema ukweli kwenye simu. Na picha unayomtumia shangazi iwe ya leo, siyo ya juzi. Unacheka, lakini wewe mwenyewe unajua.

Hakuna atakayekuona saa kumi na mbili asubuhi ukisuuza lile bakuli. Ni wewe, mbwa na Mungu. Maisha ya kiroho kwa sehemu kubwa hujengwa kwenye saa kama hizo.

Kwa tafakari ya wiki hii

Nani, mtu au mnyama, anaishi nyuma ya mlango ambao ufunguo wake ninao mimi?

Ninapoondoka, huwa nakabidhi au natelekeza?

Yupo mtu anayebeba mzigo wangu ambaye sijamlipa, sijamshukuru, au sikumpa nafasi ya kusema hapana?

Tusali. Ee Mungu Muumba, unayewalisha ndege wa angani na hukusahau hata wanyama wa Ninawi, utufundishe kuwa waaminifu kwa wadogo uliowaweka mikononi mwetu. Uwalinde wanaosafiri na wanaobaki. Uwabariki walinzi, dada na majirani wanaokesha kwa ajili yetu. Utupe moyo wa kulipa tunachowiwa na kurudi kama tulivyoahidi. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Safari njema, na usisahau kadi ya chanjo.